Redio mbili za baba

Alinifundisha kusikiliza mambo ya watu bila kuyabeba. Nikaja kusahau, na nusura ndoa yangu ilipie.

Mpenzi msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Wiki moja kabla ya Idd el-Fitri ya mwaka 2025, mume wangu akiwa anaoga, nilichukua simu yake nikaifungua. Sikuwa natafuta kitu. (Uongo. Nilikuwa natafuta.) Nikakuta ujumbe kutoka namba isiyo na jina: “Kaka, Ijumaa usikose kama tulivyokubaliana. Mkeo hatajua, usijali.”

Dada zangu mliopitia haya mnajua nilichofanya baada ya hapo. Niliichukua ile namba, nikajifanya naitumia pesa kwa simu yangu ili jina la mwenyewe litokee. Likatokea. La kike! Nikaghairi, nikairudisha simu kifudifudi vile vile nilivyoikuta, nikaenda jikoni kukuna nazi ya futari. Nilikuna mpaka kidole.

Siku zilizofuata nyumba yetu pale Tegeta ilikuwa kimya kuliko msikiti saa nne asubuhi. “Chai hii hapa.” “Asante.” Basi. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuuliza kulikoni. Idd ikafika, tukawapakia watoto kwenye gari kwenda kwa wazazi wangu. Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, njia nzima hatukusemezana. Nyuma watoto walikuwa na eafoni masikioni, kila mmoja na yake. Garini tulikuwa watu wanne, kila mtu anasikiliza kitu na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni: Idd ikiisha, sirudi Tegeta.

Kilichobadili uamuzi huo ni redio ambayo baba alidhani imeharibika. Lakini ili unielewe, inabidi twende nyuma kidogo.

Kuvua usiku

Nimekulia Dunda, Bagamoyo, katika miaka ya 1990, mahali ambapo ukikaa kimya usiku unasikia bahari. Baba alikuwa baharia wa meli za pwani, leo Tanga, kesho Dar, keshokutwa Mtwara, mpaka mgongo ulipomshinda akarudi nyumbani. Alirudi na sanduku la chuma na redio kubwa ya Kijapani aliyoinunua kwa baharia mwenzake. Ilikuwa na bendi nne, na moja iliandikwa MB, bendi ya vyombo vya majini. Waya wa shaba ulitoka nayo dirishani ukapanda mpaka kwenye mnazi. Betri zake zilikuwa zile kubwa za National, na zikichoka tulizianika juu ya bati zipate jua, zikatusogeza siku mbili tatu. Mama naye alikuwa na redio yake ndogo jikoni, ya taarabu na salamu.

Baada ya Isha mkeka unatandikwa barazani, baba anaanza kuzungusha swichi taratibu, mshale unatembea. Yeye aliita kuvua. “Haya, tuone bahari ya leo ina nini.”

Radio Tanzania na Zanzibar zilikuwa dagaa, hazikosi. Zanzibar ilikuja safi kama vile mtangazaji amekaa nasi mkekani, na baba alijua sababu yake. Mawimbi ya masafa ya kati yanapenda maji ya chumvi, yanateleza juu ya bahari bila kuchoka, na kati ya Unguja na sisi hakuna mlima wala msitu. Bahari hiyo hiyo ndiyo iliyowapa watu wa pwani televisheni mapema. Zanzibar ilikuwa na kituo cha picha za rangi tangu miaka ya 1970, Bara tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mwenye uwezo Bagamoyo alisimamisha mlingoti mrefu, akaielekeza antena kisiwani, na majirani wakajaa sebuleni.

Usiku ukikomaa, masafa mafupi yalifunguka. Mawimbi hayo hupanda juu sana, yakagonga tabaka la anga na kurudishwa chini maelfu ya kilomita mbali. Ndipo London ilipoingia Bagamoyo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa hewani tangu 1957, Sauti ya Amerika tangu 1962, Deutsche Welle ya Ujerumani tangu 1963. Na Cairo, Moscow, Beijing, Tokyo, wote hao wakisema Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Baba aliwaandikia barua, nao walimletea kalenda na kadi zenye picha za theluji. Theluji ya Moscow ilikaa ukutani kwetu Dunda miaka minne.

Tena kulikuwa na neema moja katika mgao wa umeme, amini usiamini. Mji mzima ukizimika, redio inasikika vizuri zaidi, kwa sababu nyaya za umeme zina kelele ambazo sikio halizisikii lakini redio inazisikia. Watoto wengine walilia taa zikikatika. Mimi nilikimbilia mkekani.

Lakini zote hizo zilikuwa stesheni zinazosema na sisi. Utamu wenyewe ulikuwa kwenye sauti ambazo hazikuwa zinasema na sisi.

Sauti za bata

Kabla simu za mkononi hazijaenea, watu wa mbali walizungumza kwa redio kolu. Boti za mizigo, misheni za bara, kambi za wawindaji, zahanati za porini, hata madaktari wa ndege wa AMREF waliokuwa na kituo chao Nairobi. Ukipita kwenye masafa yao na redio ya kawaida, husikii mtu. Unasikia bata. Kwak-kwak-kwak, na unajua kabisa kuwa ni binadamu anasema, ila neno hulipati. Baba alinieleza kwamba mitambo ile hutuma sehemu tu ya wimbi ili kubana nguvu, na redio ya nyumbani haina kile kipande kilichoachwa, ndiyo maana sauti inatoka imevurugika.

Hapo ndipo aliponiambia: “Mwanangu, kalete redio ya mama yako.”

Tunaiweka redio ndogo ubavuni mwa ile kubwa, zinagusana. Mimi nazungusha mshale wa ile ndogo, polepole sana, mpaka mluzi mwembamba usikike kwenye kubwa. Naendelea, mluzi unashuka, unashuka, unazama, halafu ghafla bata anakuwa mtu! “...magunia arobaini, narudia, arobaini, ova.” Kumbe kila redio ikifanya kazi hutoa wimbi lake dogo, na wimbi la redio ya mama ndilo lililojaza kile kipande kilichokosekana. Redio moja peke yake ilikuwa haiambulii kitu.

Tulisikia nini? Mambo ya kawaida tu, jamani. Nahodha anauliza bei ya chumvi. Mganga wa zahanati anaagiza chanjo. Mtu anataja vipuri vya injini, herufi moja moja. Na mara nyingi tulipata upande mmoja. Anayeuliza tunamsikia, anayejibu yuko mbali mno au amejibu kwenye masafa mengine, na sisi tunabaki kujijazia majibu.

Baba hakupenda tujijazie. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: yaliyo hewani yabaki hewani. Ya pili: ukisikia upande mmoja, hujasikia kitu.

Redio Mbao

Mimi nilizivunja zote mbili nikiwa na miaka kumi. Usiku mmoja tulimpata nahodha wa boti ya mizigo, na sauti yake niliitambua palepale. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Akasema: “Mwambie yule mama wa Tanga nakuja Jumamosi na pesa yake yote. Lakini habari zisifike nyumbani.” Aliyejibu hatukumsikia.

Asubuhi nilimsimulia rafiki yangu kisimani. Rafiki akamwambia mama yake. Kufika adhuhuri, mke wa nahodha alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye beseni na kurudi kwao Kaole, akiacha mlango wazi na wali jikoni.

Jumamosi nahodha alirudi. Alishuka na cherehani. Ile ya miguu, imefungwa kwa magunia, aliyokuwa akiilipia kidogo kidogo kwa mama mmoja wa Tanga, ili iwe zawadi ya Idd kwa mkewe.

Baba hakunipiga. Alinishika mkono tukatembea mpaka Kaole, karibu na yale magofu, nikapiga magoti mbele ya yule mama na wazee wake, nikasema maneno niliyoyasikia, yote, kama nilivyoyasikia. Halafu baba akasema: “Na upande wa pili huu hapa,” akamsogeza nahodha mbele. Mama yule alirudi nyumbani baada ya siku nane. Cherehani ile ilishona sare zangu za sekondari. Na mpaka leo hii haniiti jina langu, ananiita Redio Mbao. Nilipokwenda chuo kikuu kusomea mawasiliano alisema hakushangaa hata kidogo.

Ukubwani nimejifunza kwamba sheria za baba zina ndugu zake wakubwa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inakataza kunasa mazungumzo ya wengine bila idhini na kuyasambaza. Baba hakuhitaji ibara. Alikuwa na mkeka na aibu ya kutosha.

Dakika tatu

Kulikuwa na jambo jingine. Saa yetu ya ukutani ilikuwa na vipande viwili baba alivyovipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango: kimoja kuanzia mshale wa dakika ukiwa juu, kimoja kuanzia ukiwa chini, kila kimoja cha dakika tatu. Saa za vyumba vya redio melini ndivyo zilivyokuwa. Kwenye kilohezi 2182, masafa ya kimataifa ya kuombea msaada baharini, kila saa ilipotimia na kila ilipofika nusu, wote walitakiwa wanyamaze kwa dakika tatu. Hakuna bei za chumvi, hakuna vipuri. Watu watege sikio, kama kuna chombo kinazama chenye redio dhaifu, sauti yake ipate nafasi.

Ulimwengu ulijifunza umuhimu wa kutega sikio kwa gharama kubwa. Titanic ilipozama Aprili 1912, kulikuwa na meli nyingine si mbali nayo, Californian, lakini mhudumu wake wa redio alikuwa ameshazima mtambo na kulala.

Kwa hiyo barazani kwetu pia mshale ukiingia kwenye kijani, baba anapeleka redio kwenye MB, anainua kidole, na hakuna anayekohoa. Mama anashusha upawa. Dakika tatu nzima, sshhhhh ya mawimbi tu. Katika miaka yote ile sikuwahi kusikia “Meidei”. Nilimuuliza baba mara moja, sasa tunasikiliza nini? Akajibu: “Tunasikiliza kwamba leo wote wazima.”

Kuanzia Februari 1999 meli kubwa hazikulazimika tena kulinda masafa yale, mitambo mipya na setilaiti zikachukua kazi. Baadaye simu za mkononi zikaja, redio kolu zikapungua, FM zikajaa, mnazi wetu ukakatwa. Mimi nikaolewa. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba na kuua mamia ya watu, sisi wengine tulipata habari kwa simu. Usiku uliofuata mama alinipigia: “Baba yako ameitoa ile redio. Amekaa nayo barazani.” Alijua hakuna kitakachosikika. Alikaa mpaka alfajiri.

Taa zote zizimwe

Turudi kwenye Idd. Pilau imeliwa, wageni wamepungua, watoto wamelala. Baba, ambaye siku hizi masikio yake yamechoka, akamwita mume wangu.

“Mkwe, hebu nitazamie hii redio. Sauti ya Amerika siipati wiki ya pili sasa. Sijui imekufa yangu au wamekufa wao.”

Walikuwa wao. Katikati ya Machi serikali ya Marekani ilikuwa imewarudisha nyumbani wafanyakazi wa idhaa ile, nayo ikanyamaza. Mume wangu alimweleza, lakini mzee hakuridhika. Akataka redio ijaribiwe, na akanigeukia kama vile bado nina miaka kumi.

“Mwanangu, kalete redio ya mama yako.”

Basi nikajikuta nimekaa mkekani goti kwa goti na mtu ambaye sikutaka hata kumtazama. Yeye ameshika swichi ya redio kubwa, mimi ya ndogo. Tukawasha. Kelele tupu! Zzzzzz. Baba akaelewa haraka kuliko sisi: “Hizo taa zenu, na hizo chaji zenu. Zimeni zote.” Tukachomoa chaji za simu, tukazima taa zile nyeupe za kisasa, tukazima televisheni na runinga ndogo ya chumbani, nyumba ikawa giza kama enzi za mgao. Ile zzzzz ikaondoka. Na bahari, sijui ilikuwa wapi siku zote hizo, ikasikika.

Kwenye mita 41 tukampata bata.

“Kidogo kulia,” nikasema.

“Hivi?”

“Umepita. Rudi.”

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote tuliyoambiana kwa wiki nzima. Mluzi ukaja, ukashuka, ukazama, na mwanamume mmoja, kwa lugha tusiyoijua hata kidogo, akaanza kusema wazi kabisa, taratibu, kama anasoma namba. Baba alitega mkono sikioni, akacheka. “Haijafa,” akasema. Akatazama saa kwa tochi. Saa tatu na nusu usiku. Akainua kidole.

Kilohezi 2182 hakukuwa na kitu, na sikutegemea kiwepo. Lakini mwili wangu ulikumbuka, nikanyamaza. Siyo ule ukimya wa Tegeta, wa kumkomoa mtu. Nilinyamaza kwa kusikiliza. Baba, bila kungoja dakika zitimie, akaokota mkongojo wake akaingia ndani. Sijui kama alijua. Mzee yule ana mambo yake.

Mume wangu akasema gizani: “Najua ulishika simu yangu.”

Nilikuwa na maneno mia. Nikatazama ile saa.

“Nina deni,” akasema.

Akaeleza. Yule mwanamke ni wa ofisi moja ya mikopo, ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Alikopa milioni mbili kuongezea mtaji wa duka, duka likayumba, akakopa mahali pengine kulipa pale pa kwanza, na sasa zilikuwa zinakaribia milioni tano. Kila Ijumaa ni siku ya rejesho. Kadi ya gari wanayo wao. Gari lile lile lililotuleta Idd! Na alinyamaza wiki nzima kwa sababu alidhani nimeshajua deni lote, na kwamba ninuna yangu ndiyo hukumu.

Kumbe naye alikuwa amesikia upande mmoja.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba tulikumbatiana na nyota zikaanguka. Nilikasirika upya, kwa sababu nyingine. Deni si hawara, lakini nalo linalala kitandani katikati yenu. Na mimi pia nilikuwa na la kujibu. Nilivunja sheria ya baba, nikajijazia majibu, na nikawa nimeshafunga kanga zangu kwenye beseni kabla sijasikia cherehani inashuka. Tulikaa barazani mpaka saa saba usiku. Tulihesabu. Nilitoa hisa zangu za kikoba, yeye akapunguza bidhaa za dukani, na gari tukaliuza wenyewe, likaenda kulipa sehemu kubwa ya deni. Yaliyobaki bado tunayalipa.

Siku ya kuondoka Bagamoyo, yule mama wa cherehani alikuwa kibarazani kwake.

“Redio Mbao! Habari za hewani?”

“Njema, shikamoo. Safari hii sitangazi.”

Redio ya mama tumepewa, iko juu ya kabati letu Tegeta. Ile kubwa baba amegoma kuitoa, anasema tukitaka zikutane twende kwake. Watu wananiuliza kama natamani siku zile zirudi. Betri za kuanika sizitamani, wala mgao. Natamani lile giza la mkekani ambamo sauti ya mtu usiyemjua ilistahili watu watatu wanyamaze ili isikike. Tukiweza kumpa hilo nahodha wa chumvi, tunashindwaje kumpa mtu tunayelala naye?

Sasa utaniuliza, mbona nimetangaza yote haya kwenye jarida? Mume wangu ameisoma makala hii kabla yako. Nilimpa, nikakaa pembeni, nikanyamaza mpaka akamaliza. Hakutaka nifute chochote. Aliomba niongeze jambo moja tu: eti usiku ule aliyegusa swichi mwisho, bata akawa mtu, alikuwa yeye na si mimi.

Sawa, baba watoto. Nimesikia.